Akiba ya Vidole Viwili

Fundi ana sauti kubwa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakimsimulia huanza na mikono yake, na mikono yake kweli ni ya kusifiwa, lakini yaliyotupata yalitoka mdomoni mwake. Yalitoka mdomoni mwake na kwenye kalamu yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa naandika.

Tunafanya kazi katika chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barabara. Cherehani ziko mbili, moja nzima na nyingine mbovu tunayoiwekea vitambaa. Dirishani ipo meza yangu ya pasi, ninaponyoosha nguo na kushona vifungo, na kwenye kona kuna kioo kirefu na pazia la kubadilishia. Fundi hupima mteja akiwa na pini mdomoni, na bado vipimo anavitaja kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara. "Kiuno," halafu namba. "Nyonga," halafu namba. Mimi naingiza kwenye daftari. Alifundishwa hivyo na mama aliyempa ufundi, kwamba namba ikisemwa chini chini hupotea njiani na nguo huharibika. Mteja mmoja mwenye kitambi aliwahi kukimbia suruali ikiwa nusu imepimwa, tukabaki hatuna mbavu. Ndivyo tulivyokuwa. Hatukuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuumia kwa kusomewa kiuno chake.

Nguo za shule ndizo zinazotuweka mjini. Kila sketi ya shule Fundi huiachia kitambaa cha ziada ndani ya mshono, vidole viwili kila upande, ili msichana akikua sketi ifumuliwe na kuongezwa. Kitambaa hicho anakiita akiba. Wapo mafundi wanaokata karibu kabisa na mshono, na yeye akikutana na sketi ya namna hiyo husonya. "Huyu alidhani anavalisha meza," husema. Yule fundi mwanaume wa ng'ambo ya barabara ndiye tuliyekuwa tukimsema zaidi.

Fundi ana binti mmoja tu. Baba wa mtoto aliondoka zamani, na habari zake hazina kichwa wala miguu, niziache. Binti alizaliwa na mashavu yaliyokaribia kufunika macho, tukamwita Kibonge, na wa kwanza kumwita hivyo nilikuwa mimi. Lilikuwa jina la mapenzi. Alikulia chini ya meza ya pasi akichezea vifungo, akila chochote alichopewa, na tulipomuita aliitika akicheka.

Alipoingia kidato cha kwanza alikuwa na miaka kumi na minne. Siku ya tatu ya muhula alisahau rula nyumbani. Fundi akatoka mbio mpaka getini, akaiinua ile rula juu, akaita kwa sauti yake yote, "Kibonge! Wewe Kibonge, rula yako!" Uwanja mzima ukageuka. Fundi alirudi kazini anajisifu kwamba amewahi kabla ya kengele.

Muda si mrefu mlinzi wa shule, ambaye huleta kwetu sare yake kutiwa viraka, alimwambia Fundi kwamba binti yake mapumziko hukaa peke yake karibu na bomba la maji, anakula akiwa ameupa uwanja mgongo. Fundi mwenyewe aliacha shule akiwa hana hata mtu wa kumuaga, aliwahi kuniambia hivyo mara moja tu, na nikajua neno la mlinzi limemchoma pale pale. Kuanzia siku hiyo hakuwa na shida nyingine duniani ila hiyo moja, kwamba mtoto wake awe na wenzake.

Mara binti akaanza kurudi na vumbi kwenye soksi. Juma moja likapita, la pili likaingia, na siku moja akaja na kwapa la blauzi limefumuka mpaka kwenye ubavu, uso unang'aa kwa jasho. Mama yake alimuuliza alikuwa wapi. Akasema alikuwa uwanjani na wasichana wa mpira. Sasa hao wasichana wa mpira Fundi aliwajua kwa nguo zao. Kiongozi wao aliitwa Honi kwa sababu ya kelele zake, na blauzi yake tulikuwa tumeishaishona kwapa lile lile mara sita. Genge zima Fundi alilibatiza jina la Makwapa. Alisema mtoto asiyeweza kutunza blauzi hawezi kutunza rafiki, akampiga binti marufuku kwenda uwanjani. Binti alisimama mlangoni kidogo, kisha akaenda kuloweka soksi.

Nilimwambia Fundi amwache. Si kwa nguvu. Nilisema tu kwamba nimemwona mtoto akicheka, naye akanijibu kwamba mimi ni mtu wa vifungo, mambo ya mishono nimwachie yeye.

Akaamua kumtafutia binti marafiki mwenyewe, na akawatafuta kwa njia aliyoijua. Kila sare iliyoletwa aliigeuza ndani nje. Aliangalia kola, aliangalia pindo, alinusa hata kitambaa. Ndipo akawapata Marinda. Walikuwa wasichana wanne wa darasa moja na binti, sketi zao zina marinda yaliyonyooka wima tangu asubuhi hadi jioni, soksi nyeupe, hakuna doa la wino popote. Waliingia mlangoni kwa zamu, wakatoa shikamoo moja moja kwa sauti za chini. Mkubwa wao alikuwa msichana mrefu sana, tukamwita Mrefu. Mdogo wao alikuwa na kidoti shavuni, tukamwita Kidoti. Wawili wa katikati walikuwa wanyamavu kiasi kwamba mpaka leo nawachanganya.

Fundi aliona ameokota dhahabu. Aliwaambia waje kila Jumamosi asubuhi, atawapigia marinda upya, na binti yake atakuwepo. Nikatumwa kuchemsha chai. Niliandaa vikombe vitano, nikakata mkate, nikaweka kwenye sinia. Mrefu alishukuru vizuri sana. Alisema, "Tumeshakula, mama." Wengine watatu wakasema vivyo hivyo, kwa maneno yale yale. Binti peke yake ndiye aliyekunywa, na alipochukua kipande cha pili cha mkate niliona Mrefu akimtazama mkono, bila chuki, kwa namna mtu anavyomtazama mgeni anayekosea njia. Vile vikombe vinne vilipoa vikafanya utando juu. Nilipovimwaga nje niliingiwa na ubaridi nisioweza kuueleza, nikajiambia ni uzee.

Lakini Jumatatu mlinzi alileta habari njema. Binti sasa ana wenzake, wanatembea watano kwa mstari. Fundi alicheka, akaimba, akanifumulia hata matundu ya vifungo niliyokuwa nimekosea, kazi anayoichukia kuliko zote. Ningekuwa na roho ya namna gani kumharibia furaha ile?

Jumamosi ya tatu Mrefu aliomba sketi yake ipunguzwe kiuno. Fundi akampima, akataja namba, nami nikaandika. Jumamosi iliyofuata wakaomba wote wanne. Nilifungua ukurasa mmoja ili niwaweke pamoja, jina juu ya jina, na hapo tayari nilikuwa nimekosea, ila sikujua. Fundi alipomaliza kumpima Kidoti alimpiga kibao kidogo cha mgongo akamtania, "Umepungua wewe, utapeperushwa." Anawatania wateja wote hivyo, na wateja wote hucheka. Kidoti hakucheka. Alifumba macho kama aliyepokea zawadi, na wale wengine wakamgeukia kwa heshima.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila Jumamosi walisimama mbele ya kioo kwa mstari, mikono juu, na chumba kikanyamaza kungojea sauti ya Fundi. Namba zenyewe sizitaji. Zimeshatajwa vya kutosha. Ikiwa namba imeshuka, msichana alishusha mikono polepole. Ikiwa imebaki pale pale, aliona haya, na wenzake hawakumsemesha mpaka wanaondoka. Mimi niliyaona haya yote nikiwa na pasi mkononi. Niliyaona, nikaandika, nikageuza ukurasa.

Binti naye akaingia kwenye mstari. Kwanza alimwomba mama yake asimwite Kibonge tena. Aliomba kwa adabu, akiwa anaokota pini sakafuni, na Fundi akamjibu kwa mzaha kwamba Kibonge atabaki Kibonge hata akiwa bibi kizee. Kisha sketi yake ikapunguzwa mara ya kwanza. Kisha futikamba ya Fundi ikapotea siku mbili, tukapekua chumba kizima, na asubuhi ya tatu tukaikuta imekunjwa vizuri mahali pake. Hakuna aliyeuliza ilikuwa wapi. Joto lilikuwa la kuyeyusha mishumaa, binti akawa anavaa sweta. Nikimpa mkate anasema, "Nimeshakula, mama mkubwa." Kwa maneno yale yale.

Nikamwambia Fundi mtoto anakonda. Akanijibu ndiyo, anaacha utoto, anakuwa msichana, na amepata wenzake, mimi nataka nini zaidi? Alinikata jicho nikanywea. Siku hiyo hiyo Honi alileta blauzi yake, kwapa kama kawaida. Alisimama mlangoni na mpira ubavuni, akauliza kwa ile sauti yake kama binti hula wapi siku hizi, maana pale bombani haonekani na chakula. Fundi alimwambia ayaangalie makwapa yake kwanza. Honi aliichukua blauzi, akaniangalia mimi muda kidogo, akaondoka bila kuaga. Nikarudi kwenye pasi yangu.

Jumamosi iliyofuata Kidoti hakuja. Mrefu alisema anaumwa kidogo. Jumamosi ya pili hakuja, na jina lake halikutajwa kabisa, ila nilipotazama kwenye mstari mbele ya kioo nikaona wameacha nafasi yake, upana wa mtu mmoja, na hakuna aliyekanyaga pale.

Jumatano, baba yake Kidoti akaingia. Ni seremala, mtu mkimya mwenye penseli sikioni, na kitambaa alikuja nacho mwenyewe kimefungwa kwenye gazeti. Alisema anataka gauni la mtoto wake, lifunguke mbele kwa vifungo, kwa sababu yuko hospitali na hawezi kuinua mikono kuvaa kwa kichwa. Fundi alimpa pole nyingi. Alimwambia asihangaike na vipimo, tunavyo vyote kwenye daftari, akanipa ishara nilifungue. Seremala akatikisa kichwa.

"Hivyo havifai tena," alisema. "Chukua kipimo cha mtoto wa darasa la tatu."

Akaonyesha kwa mikono yake, kama anavyoonyesha upana wa ubao. Aliiacha ile mikono hewani mbele yetu, na nafasi iliyokuwa katikati yake ilikuwa ndogo mno. Kisha akaishusha, akatafuta pa kuiweka.

"Daktari kaniuliza nani alikuwa anampima," alisema. "Nikamwambia nyumbani kwetu hatuna hata mizani."

Daftari lilikuwa wazi mezani kwangu. Ukurasa ule ulikuwa na mwandiko wangu juu mpaka chini, jina juu ya jina, namba zikishuka Jumamosi hadi Jumamosi. Nilitamani kuliwekea pasi ya moto liungue. Fundi alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye mto mdogo wa pini mpaka zikaisha. Nadhani angeweza kunyamaza. Yule baba hakuwa anatushuku, na kesho angekuja kuchukua gauni lake akashukuru.

"Ni mimi," Fundi alisema. "Nilikuwa nampima mimi, kila Jumamosi. Na nilikuwa namsifu."

Seremala alimtazama. Sijui alikuwa anatafuta tusi au machozi, hakupata lolote. Mwishowe alilisukuma lile gazeti lenye kitambaa juu ya meza. "Shona basi," akasema. "Vifungo viwe vikubwa, vidole vyake havishiki vizuri." Akatoka.

Fundi aliinuka akaenda kwenye kamba ya nguo nyuma, akarudi na sketi ya binti yake, ile ya pili ya kubadilisha. Akaigeuza ndani nje mezani kwangu. Ile akiba ya vidole viwili ilikuwa sasa imejaa kiganja kizima, kitambaa kimekunjwa juu ya kitambaa, mpaka sketi ilikuwa nzito ndani kuliko nje. Alihesabu mishono kwa kucha. Ilikuwa mistari mitano, yote ya mkono wake, imenyooka vizuri sana. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ile ile kubwa, na watu wa barabarani wakachungulia, nami nikafunga dirisha.

Binti alirudi saa tisa. Mama yake hakumpigia kelele. Alimwambia habari za Kidoti, akamwambia kwamba wale wasichana asiwafuate tena, akamwambia kwamba kesho wanaenda kwa daktari. Binti alisikiliza akiwa amejikumbatia ndani ya sweta. Nilidhani atalia au atabisha. Alijibu taratibu, na ningependa kusema alijibu kwa jeuri, lakini haikuwa jeuri.

"Mama, si ndio marafiki ulionitafutia?"

Fundi aliketi kwenye kiti cha cherehani.

"Nilikuwa na wengine ukawakataa," binti akaendelea. "Hawa ukawapenda. Nikipungua unasoma namba kwa nguvu na unacheka. Nilijua unafurahi."

Kisha akasema amechoka, akaenda kujilaza. Alipopita kwenye mlango alishika mwimo, mkono wa sweta ukapanda, na kwenye ngozi vilikuwa vimeota vinyweleo vyembamba kama vya kifaranga, kama mwili unaojitafutia joto. Fundi aliviona. Nilimwona anaviona.

Kesho yake, baada ya daktari, Fundi alinichukua tukaenda shuleni. Daktari alikuwa amesema mengi, lakini mawili ndiyo aliyoyarudia njia nzima: mtoto asipimwe wala kusikia namba ya mwili wa mtu yeyote, na asile peke yake. Tulipofika, Fundi hakwenda ofisini kwanza. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, na viatu vyake vya kazini, na vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni. Makwapa walikuwa wanacheza. Honi alipomwona akasimamisha mpira kwa mguu, akajikaza usoni, tayari kwa matusi.

Fundi alimwomba radhi. Mwanamke mzima, mbele ya wasichana kumi na moja, alisema alikosea na anaomba msaada. Honi alijifuta jasho kwa bega, kwapa likafumuka zaidi. Akasema wao hawakuwahi kumfukuza, ni yeye mwenyewe alikuja siku moja akasema mama kakataa. Walikuwa wamemzoea. Alikuwa anadaka.

"Kipa wetu yule," Honi alisema. "Hatujampata mwingine. Tunadakisha tu mtu yeyote, tunafungwa kila siku."

Nilimtazama Fundi. Maisha yake yote tulimwita mtoto Kibonge, na kumbe kulikuwa na watu waliompa jina jingine, kwa majuma mawili, jina la kazi. Fundi alirudia lile neno chini chini, mara mbili. Ni mara ya kwanza nilimsikia akisema kitu chochote kwa sauti ndogo.

Kutoka hapo tuliingia ofisini, na nyumbani kwa Mrefu, na kwa wale wawili wanyamavu. Kwa wale wawili tulisikilizwa. Mama yake Mrefu alitupokea kwenye sebule safi sana, akasema mtoto wake yuko salama salimini, ana nidhamu kuliko watoto wote wa mtaa, na fundi wa kushona asimfundishe ulezi. Mrefu mwenyewe alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, akatutolea shikamoo. Nilipompa mkono niligundua vidole vyake ni baridi kabisa. Tuliletewa chai nzuri, na yeye hakuigusa.

Sasa Fundi anapima kwa kamba. Ni kamba ya kawaida ya katani; anamzungushia mteja, anafunga fundo, anaweka kwenye mfuko wenye jina, na hakuna namba inayotajwa wala kuandikwa. Wateja wengine wanamcheka kwamba amerudi zama za kale. Anaharibu nguo mara kwa mara, halafu anarudia bila kulalamika. Ule ukurasa wa daftari niliuchana, nikampelekea daktari wa Kidoti aliyeutaka. Kidoti bado yuko wodini. Gauni lake tulilishona lenye vifungo vikubwa vya bluu, na Fundi aliacha akiba humo ndani, vidole vinne, zaidi ya gauni lenyewe lilivyohitaji. Baba yake aliiona ile akiba alipoligeuza. Alipitisha kidole juu yake.

Na binti yetu? Ningependa kusema amepona. Jumamosi sasa wanakuja Makwapa. Wanakuja na kelele, wanakuja na mikate yao, wanakaa juu ya cherehani mbovu na juu ya vitambaa, wanaacha makombo mpaka kwenye sanduku langu la vifungo. Wanamwita Kipa. Hawamwambii kula, Honi amewakataza. Wanakula tu, mbele yake, huku wakigombana kuhusu goli la nani lilikuwa halali. Siku nyingine anakula nusu kipande. Siku nyingine anakikunja kwenye kitambaa na kudhani sijaona.

Jumamosi iliyopita alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkate mkononi, mdomo unatafuna. Tulikuwa na siku nzuri. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kutoka ng'ambo ya barabara ikaja sauti ya yule fundi mwanaume, inasema, "Kiuno," halafu namba.

Nilichungulia. Mlangoni kwake amesimama Mrefu, mikono juu, sketi yake imebandikwa pini. Nyuma yake kwenye mstari kuna msichana ambaye sijawahi kumwona, mdogo, mashavu ya mviringo, sare mpya kabisa. Anatabasamu kwa sababu amepata wenzake.

Binti aliacha kutafuna. Mkate ulibaki mdomoni, shavu limevimba, macho yameelekea kwenye ile sauti. Ng'ambo ikasemwa namba ya pili. Hata Makwapa wakaacha kugombana, na mimi nikaona ule mkono wake wa kushoto unakwenda wenyewe kiunoni, unaanza kujishika.

Fundi alikuwa ameishatoka. Alivuka barabara na pini mdomoni, hakutazama kulia wala kushoto, gari likafunga breki na dereva akamtukana.

Ndipo Honi alipopanda juu ya cherehani mbovu. "Elfu tatu!" akapiga kelele dirishani. "Milioni nane! Sitini na robo!" Wenzake wakadaka, kila mtu na namba yake, namba za basi, za simu, za kurasa, mpaka ng'ambo kusisikike kitu. Binti aliwatazama kama anaamka. Shavu likasogea. Akameza.

Nusu nyingine ya mkate ilikuwa bado mkononi mwake. Niliweka pasi chini, nikakaa, nikaitazama ile nusu.